Walivyoupima Ugonjwa kwa Mshono

Jamani, nipeni sikio kidogo. Jambo hili limetokea mlango wa tatu kutoka kwetu, na mpaka leo nikilisimulia nachoka.

Asubuhi ile kibaraza cha fundi cherehani kilikuwa kimetulia. Redio chini chini, mimi nachaji simu, fundi anakanyaga cherehani, mkewe anatia vifungo. Figo za fundi zilikuwa zimeshindwa kazi. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwa muda wa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, akirudi yuko hoi, kichwa kinamgonga.

Mkewe akanyanyua suruali mbili kwenye mwanga.

"Baba watoto, hii umeshona lini?"

"Jana."

"Na hii?"

"Si juzi, nilipotoka kwenye mashine."

"Hebu ona! Ya juzi mshono unayumba kama mlevi. Ya jana, siku usiyokwenda, umenyooka kama rula."

Dada yake fundi, tunayemwita Najua kwa sababu hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua, akadakia: "Si nilisema, wifi? Ile mashine inamnyonya akili. Mpumzisheni kaka yangu!"

Mnaona kosa lilipoingilia? Nyumba ya washonaji, kila kitu kinapimwa kwa mshono. Fundi mwenyewe hakubisha. Zile sindano nene nani anazipenda?

Basi akaacha kwenda. Siku mbili tatu, mishono safi, Najua anatembea kifua mbele. Kisha miguu ikaanza kumwaka moto, akikaa haitulii. Siku ya tano kaa la pasi likamdondokea mguuni. Sisi tulisikia harufu. Yeye anashona tu.

"Fundi, mguu!" nikapiga kelele.

"Mguu wa nani?"

Siku ya saba akashonea mkono wa shati kwenye kola. Mteja akasema, "Huyu siku hizi anaonja pombe." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Nikapiga na picha.

Siku ya tisa uso umevimba, pumzi inakatika, viganja vinapigapiga hewani vyenyewe. Mkewe akamletea maji. Fundi akamkodolea macho.

"Mama, wewe ni mteja wa nini?"

 Yule mama alikimbia barabarani bila viatu kutafuta gari.

Hospitali, nesi wa mashine akauliza, "Amekosa mara ngapi?"

"Nne."

"Nne! Nani kawaambia?"

Mkewe akamgeukia Najua. Najua naye, kwa mara ya kwanza, akawa hajui.

Nesi akavuta pumzi, sauti imechoka kabisa. "Mashine inachosha, ni kweli. Kichwa kikiuma tuambieni, tutajua la kufanya. Lakini uchafu usipotolewa unapanda kwenye ubongo. Na ganzi hii ya miguu haikuanza wiki hii. Mbona hamkusema?"

Walimsafisha damu kidogo kidogo, siku kadhaa mfululizo. Akili ikarudi polepole. Siku alipomtambua mkewe, alimuuliza, "Nilikutukana?"

"Hapana. Ulinisahau tu."

Miguu haijarudi. Siku hizi mkewe ndiye anayekanyaga cherehani. Fundi anakata vitambaa, na akisimama lazima aangalie chini ajue nyayo zake ziko wapi.

FUNZO

Ndugu zangu, figo zikifa, shida haiishii kwenye mkojo. Sumu inayobaki kwenye damu inakula mishipa ya fahamu na kuvuruga ubongo. Miguu kuwaka, ganzi, mikono kurukaruka, maneno yasiyoeleweka: hizo ni habari za kumpelekea daktari, si za kujadili kibarazani. Uchovu wa baada ya mashine usiwe sababu ya kuiacha. Na ukimwona mgonjwa wa figo anaanza kupotea akili, usimwite mlevi, usitafute mchawi. Tafuta gari.