Mgeni Aliyepewa Ubini

Kisanduku kilianza kwa kukua. Fundi wa kurasa za mtandao alikichora cha ukubwa wa kiganja, ndani ya ukurasa wa duka la mashela, akapachika humo ukurasa wa watu asiowajua, wenye mwanasesere wa kujibu wateja. Aliporudi kutoka msalani, kilikuwa kimekula nusu ya kioo cha kompyuta.

Mkewe akakunja pua. "Baba Kidosho, mbona kunanuka nywele zilizoungua?"

"Waya tu. Usinichoshe."

"Na hicho nani kakipanua?"

"Chenyewe. Nimekiruhusu."

Amekiruhusu! Asubuhi nzima kompyuta ilimkatalia: ukurasa wa ndani haumgusi mzazi wake, ukurasa wa nje, mpaka wawe wa nyumba moja. Yeye, kwa uvivu wa kukipima kisanduku upya, akaandika kuwa ni wa nyumba moja. Wenzake hukaribisha mgeni sebuleni. Yeye kampa ubini.

Mwanasesere akapepesa macho. Mashela yote yakageuka meusi.

"Baba," kisanduku kikaita, sauti kama ya maji mtungini, na pazia likajivuta bila upepo, na picha ya harusi ukutani ikageukia ukuta, na Kidosho, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa akicheza sakafuni, akainua shingo polepole akaitikia kwa sauti ileile, "Baba," huku midomo imefumbwa.

Mama mtu akakimbilia kwa mganga, bibi asiye na subira na wajinga, akarudi naye.

"Futa ulichoandika," mganga akanong'ona. "Kisha umkane kwa mdomo, kwa sauti. Jini akishapata mzazi, hutaka nafasi ya ndugu yake."

"Niseme na kompyuta, bibi? Majirani watanicheka."

"Na ukimzika mtoto, watakuchekea wapi?"

Akafuta. Kukana, akamung'unya kama anayetafuna ugoro. Harufu ikakata, mganga akaenda zake, na bwana mkubwa akachomoa waya, akajipiga kifua: "Si nilisema? Kufuta tu!"

Jioni akatokea mlangoni, mikono mfukoni. "Mwanangu, uko wapi?"

"Bee, baba," sauti ikaitika kutoka kwenye kioo cheusi kisicho na umeme.

Chumbani, Kidosho alikuwa amejibanza ukingoni mwa kitanda, karibu aanguke.

"Baba," akanong'ona, "dada anasema nisogee, nimpishe."