Maji ya Miaka Kumi na Mmoja

Tangi halikuwa na samaki hata mmoja, na chakula kilikuwa kinaliwa.

Wanju aliliona hilo siku ya tatu tangu ajaze maji mapya, asubuhi, akiwa amembeba binti yake Anan kiunoni na mkono mmoja umeshika bakuli la uji. Jana yake alikuwa ametia chakula cha samaki, kidogo tu, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, kama alivyoelekezwa dukani: tia kila siku, kiache kioze, uozo huo ndio unaolea vijidudu vizuri, na bila vijidudu hivyo samaki wapya watakufa kama waliotangulia. Kwa hiyo chakula kilitakiwa kiwepo. Kilitakiwa kilale juu ya changarawe, kivimbe, kiote ukungu mweupe. Changarawe ilikuwa safi kama mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Alizima pampu, akafungua chujio, akatoa sifongo na kulikamua kwenye sinki. Yalitoka maji matupu.

Jioni alimweleza mumewe kwa simu. Bohsun alikuwa akifanya kazi kaskazini, kwenye kiwanda cha vipuri vya kompyuta, na nyumbani, mjini Tainan, alirudi kila Jumamosi ya pili. Alicheka. Akasema amuulize Mama, mama yake aliyeishi nao, huenda amechoka na mboga za kuchemsha. Kisha akasema ni konokono, lazima kuna konokono mdogo aliyebaki, hao hawafi kirahisi.

Wanju alitamani sana awe konokono. Lakini tangi lile alilisugua kwa mikono yake mwenyewe.

Ugonjwa ulikuwa umechukua siku tisa. Vidoti vyeupe kama chembe za chumvi, kwanza mkiani, halafu mwili mzima, samaki wakawa wanajikwaruza kwenye mawe, wakalala ubavu, wakaelea. Kumi na wanne. Wa mwisho alikuwa yule mweusi mwenye macho ya kutokeza, kipenzi cha marehemu baba mkwe. Mama mkwe hakulia. Kila aliyekufa alimwunganishia viganja kifuani na kumshukuru, kwa sababu katika nyumba ile samaki akifa ina maana kachukua balaa lililokuwa linamjia mtu. Ndivyo mzee alivyoishi. Kila baada ya miezi michache mmoja alikufa, mzee akamshukuru, akaenda sokoni kuleta mwingine. "Kumi na wanne kwa mpigo," Mama alisema, huku akimfunga yule mweusi kwenye karatasi nyekundu. "Hilo lilikuwa balaa kubwa. Basi, limepita."

Muuza samaki hakutaka habari za balaa. Alimwambia Wanju amwage maji yote, asiache hata kikombe, asugue kwa chumvi na dawa, alianike tangi juu ya paa siku nne mpaka kioo kiunguze kiganja, anunue sifongo jipya, ajaze maji mapya, halafu asubiri majuma manne bila samaki. Wanju alipouliza kama hayawezi kupungua, yule mzee alimtazama kwa huruma. "Hii siyo supu, dada, useme utaongeza moto."

Akafanya yote. Na sasa chakula kilikuwa kinaliwa.

Juma la pili ikaja harufu. Haikuwa ya samaki waliooza, hiyo aliijua vizuri sana. Ilikuwa harufu ya tope la chini kabisa, ya nguo mbichi zilizosahauliwa ndani ya mfuko, na ilikuja na ubaridi, na ilikuja saa saba mchana, saa ambayo jengo zima limefunga mapazia na limelala na hata mbwa wa kichochoroni wamejilaza chini ya pikipiki. Pampu ikawa inakata. Ikikata, badala ya kimya unasikia maji yanameza. Goo. Halafu muda. Halafu goo, kama mtu anayekunywa taratibu huku anakutazama.

Mama mkwe alisema hasikii kitu. Alisema Wanju amesoma mpaka sekondari ndiyo maana masikio yake yana maneno mengi.

Anan, aliyekuwa na miaka miwili na nusu, alizoea kulala mchana kwenye mkeka sebuleni, karibu na tangi, kwa kuwa hapo sakafu ina baridi. Jumanne moja Wanju alikuwa amekaa anakunja nguo, mtoto amelala chali, kifua kinapanda na kushuka, na mkunjaji nguo hatazami mtoto, anatazama soksi, anatafuta soksi ya pili, ndipo akahisi kwamba kuna kitu chumbani kimekoma. Siyo pampu. Pampu ilikuwa inanguruma. Akainua macho. Anan alikuwa amefumba mdomo, amejaza mashavu hewa, na kifua kimesimama. Wanju alidhani anaota. Akasubiri. Midomo ikaanza kubadilika rangi, ikawa kama imepakwa zambarau, na ndani ya tangi, kwenye kona iliyo karibu na kichwa cha mtoto, mapovu yakaanza kupanda kutoka kwenye changarawe mstari mmoja, madogo madogo, mahali ambapo hapakuwa na mpira wa hewa wala kitu chochote cha kutoa pumzi, na Wanju akamnyakua mtoto, akamtikisa, akampulizia usoni, Anan akavuta hewa kwa kishindo, akafungua macho, akacheka. Mapovu yakakatika palepale.

Daktari alimpima kifua, akamwangalia koo, akasema wapo watoto wa umri huo wanaobana pumzi, ni jambo la kawaida, litapita lenyewe. Akimwona anafanya hivyo ampulizie usoni. Wanju alitaka kumwambia habari ya mapovu lakini alipofungua mdomo alijisikia jinsi atakavyosikika, akaufunga.

Akamhamishia chumbani. Haikusaidia. Siku ya kwanza chumbani alihesabu sekunde za pumzi iliyobanwa mpaka kumi na tisa. Kesho yake ishirini na sita. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini mlangoni, mguu mmoja chumbani mmoja sebuleni, ili aone vyote viwili, mtoto na tangi, na kila Anan alipoacha kuvuta hewa mapovu yalianza, na kila alipovuta yalikoma, hayakukosea hata siku moja. Alipofika thelathini na nane alikwenda jikoni akachukua ndoo na mpira wa maji, akasema anayamwaga maji haya leo hii, na mama mkwe, mwanamke wa miaka sitini na tisa mwenye goti bovu, akasimama mbele ya tangi akanyoosha mikono.

"Usimwage, mwanangu. Kwanza twende kwa Bibi Lai. Huyu mtoto ameshtuka tu."

Bibi Lai aliita roho zilizowatoka watoto walioshtuka, ziwarudie. Chumba chake kilikuwa nyuma ya hekalu dogo, pembeni ya muuza tambi, na kazi yake haikuchukua hata dakika kumi: kikombe cha mchele, shati la mtoto limefungwa juu yake kwa kukaza, moshi wa ubani, jina la mtoto na anuani ya nyumba mara tatu, halafu anafungua shati na kusoma jinsi mchele ulivyojipanga. Watoto wa mtaa mzima walipita mikononi mwake. Alikuwa mchangamfu. Alimtania Anan kwamba mashavu yake yanafaa kutiwa kwenye maandazi.

Alipofungua shati aliacha kutania. Mchele ulikuwa umelowa. Umevimba na kushikamana, kama ulioachwa kwenye maji usiku kucha, na ukatoa ile harufu.

Hakuugusa. Aliuliza ni nani wa nyumba ile amekufa maji. Wanju akasema hakuna. Bibi Lai akauliza tena, safari hii hakumtazama Wanju.

Mama mkwe alianza kuzungumza huku ameinamia goti lake. Akasema miaka kumi na mmoja iliyopita, marehemu aliponunua tangi, hakutaka maji ya bomba. Wafugaji wa zamani wanasema maji ya milimani yanawapa samaki rangi. Akapanda kwenye pikipiki na madumu mawili mpaka kwenye bwawa la juu kule, akakuta watu wengi ukingoni. Binti wa muuza chai alikuwa amezama siku mbili kabla na walikuwa bado wanamtafuta. Mzee akaona amekwisha kufika, safari ni ndefu. Akazunguka upande wa pili, akachota.

"Na tangu hapo?" Bibi Lai aliuliza.

Tangu hapo maji hayakuwahi kumwagwa yote. Kila Jumapili theluthi moja inatoka, theluthi mpya inaingia, ndivyo maji yanavyokomaa, ndiyo fahari ya mfugaji. Na Wanju alipoyamwaga, Mama alikuwa ameshaficha ndoo moja ya maji yale nyuma ya mashine ya kufulia. Siku tangi liliporudi kutoka juu ya paa aliimimina ndani, wakati Wanju anamwogesha mtoto. Alifanya kama walivyofanya mama yake na bibi yake. Nani anaanzisha tangi bila maji ya zamani? Maji yale yalikuwa yameizoea nyumba.

Wanju hakumpigia kelele. Baadaye alijiuliza kwa nini. Alikuwa anatazama kifua cha Anan.

Bibi Lai alizungumza kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kusikiwa na chumba cha pili. Aliyekufa maji, alisema, hafunguliwi mpaka apate wa kumwachia nafasi. Hilo mnalijua. Mzuka wenu ulikuwa hauna mtu, ulikuwa na samaki, ukachukua mmoja, ukadanganyika miezi miwili mitatu, ukachukua mwingine. Mzee akafikiri anakingwa. Alikuwa analisha. Kisha umechoka na samaki, umewamaliza wote kwa siku tisa, na ninyi mkauwekea maji safi mkauacha mtupu majuma matatu, katika nyumba yenye pumzi ndogo inayolala sakafuni.

"Basi niyamwage," Wanju alisema. "Niyarudishe huko bwawani."

"Ungeyamwaga yote siku ya kwanza, sawa. Sasa mzuka na mtoto wameshikana mikono. Ukimwaga mmoja unamwaga wawili."

"Nifanye nini, Bibi?"

Bibi Lai alimrudishia shati la mtoto. Akasema arudishe samaki, leo leo. Ikiwa mzuka bado una tamaa nao, utachukua samaki na kumwachia mtoto. Mmoja akifa, ni dalili njema. Lakini asiue kwa mkono wake, hilo mzuka haulitaki, unataka kuchukua wenyewe. Kisha akakataa bahasha nyekundu ya shukrani, na Wanju hakuwahi kusikia kwamba Bibi Lai alimkatalia mtu yeyote bahasha.

Alikwenda dukani na Anan mgongoni. Akaomba samaki wekundu wadogo, wale wa kulishia samaki wakubwa, kumi na wanne. Muuza samaki akamkumbusha kwamba majuma manne hayajatimia, maji bado ni mabichi, hawa watakufa kabla ya Jumapili.

"Ndicho ninachotaka," Wanju alisema.

Yule mzee aliacha kuchota. Alimtazama, akamtazama mtoto, akamaliza kuwahesabu.

Hawakufa.

Jumapili ilipita. Wote walikuwa wanakula, mikia imesimama, macho maangavu. Juma la pili walikuwa wamenenepa. Bohsun alirudi Jumamosi, akachuchumaa mbele ya kioo akasema hajawahi kuona samaki wa bei ya chee wakatoa rangi hivi, baba yake angefurahi. Wanju alimsimulia kila kitu usiku ule, kwa pupa, maneno yanakanyagana, na Bohsun alimshika mkono akasema amechoka, akasema watatafuta daktari mwingine, akasema yeye mwenyewe utotoni alikuwa akibana pumzi ili apewe peremende. Jumapili jioni akapanda treni.

Mama mkwe hakusema tena habari za masikio. Alianza kulala sakafuni mlangoni kwa mjukuu wake, na goti lake bovu, na asubuhi alishindwa kuinuka mpaka avutwe.

Kila asubuhi Wanju alipiga magoti mbele ya tangi akitafuta kidoti cheupe. Kimoja tu, mkiani. Alimtafuta anayejikwaruza, anayelala ubavu, anayepumua juu juu. Alipunguza chakula, hawakukonda. Alizima pampu siku nzima, hawakuelea. Aliwasha ubani mbele ya picha ya baba mkwe na kuomba kwa moyo wake wote samaki afe, yeyote, hata mdogo kabisa, halafu akageuka na kuwakuta kumi na wanne, na akaketi chini akalia kwa kwikwi kama mtu aliyefiwa.

Hamsini na moja. Hamsini na tisa. Daktari wa pili naye alisema litapita.

Leo saa saba mvua ilikuwa inanyesha na ile harufu ilikuja mapema. Anan alisinzia mapajani kwa mama yake, kijiko bado mkononi, na Wanju alipoona mashavu yanajaa alianza kuhesabu kama kawaida, akampulizia kama kawaida, akafika sitini, akafika sabini, akamwita Mama, Mama akaja akitambaa, wakampulizia wote wawili, mmoja huku mmoja huku, wakamsugua mgongo, wakamwita kwa jina na anuani ya nyumba mara tatu, tisini, tisini na moja, na midomo ya Anan ilikuwa imepita zambarau ikawa ya kijivu na mwili wake umekuwa baridi na mzito, mzito kuliko mtoto wa umri ule, kama nguo iliyotolewa majini, na Wanju akageuza shingo kutafuta mapovu na hapakuwa na povu hata moja. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Samaki wote kumi na wanne walikuwa hai, wanang'aa, wamejipanga pande mbili za tangi na kuacha wazi katikati, kama watu mlangoni wanaompisha mtu anayetoka.