Babu wa Chumba cha Baridi

Mimi sijahadithiwa. Nilikuwepo, macho haya haya yaliona, na anayebisha aje Mirongo anibishie usoni.

Ilikuwa siku kama siku zote kwenye kile kiwanda cha minofu ya sangara, ufukweni upande wa Nyegezi. Ndani ya chumba cha baridi, nyuma ya uzio wa chuma, roboti la mkono mmoja lilipanga maboksi. Lilinunuliwa likiwa limeshachoka huko lilikotoka, kwa hiyo wafanyakazi wakaliita Babu. Kila anayeingia zamu: "Shikamoo Babu!" Rahim, mwendeshaji wake, anabonyeza, mkono unainama. Watu wanakufa kwa kicheko.

Odeta hakucheka wala hakuamkia. Yeye aliajiriwa kulilinda lisiingiliwe na wadukuzi.

"Rahim, neno la siri ndiyo umeweka 'babu'? Hata mama maandazi wa getini analijua!"

"Dada Odeta, mzee ukimbadilishia jina atanuna."

"Anune. Jioni nikute umebadilisha."

Jioni haikufika. Baada ya chakula cha mchana Babu akaanza kupanga maboksi hovyo, mengine akiyatupa. Kwenye kioo cha kompyuta ya Rahim yakatokea maandishi: *Mzee sasa ni wetu.*

"Si nilikwambia?" Odeta akazima swichi kuu. Akaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, kama ilivyo sheria kwa yeyote anayeingia ndani ya uzio, asije mtu akawasha huku yeye yumo. Ufunguo akautia mfukoni, akaingia kuchomoa waya wa mtandao.

Nyuma yake mlango wa uzio ukajifunga.

Mkono ukainuka. Taratibu. Ukachukua boksi, ukaliweka mlangoni. Ukachukua jingine.

Odeta akauvuta waya, ukakatikia mkononi mwake. Mkono haukusimama.

"Rahim," akanong'ona, "zima."

"Imezimwa, dada. Kufuli lako hili hapa, nimelishika."

Ukuta wa maboksi ukamfika kiunoni. Kifuani. Akasukuma, yameganda. Vidole havina hisia tena. Mimi na Rahim, nje ya uzio, tukamwona sura nusu, kisha macho, kisha hatukuonana. Giza. Baridi. Na kile chuma kikamshukia, kikasimama mbele ya pua yake.

Kinangoja.

"Shi... shikamoo, Babu."

Mkono ukainama.

Tulibomoa maboksi kwa nyundo tukamtoa, midomo imekuwa ya bluu. Rahim akafumbua kiganja alichokuwa amelishikia lile kufuli pale kwenye swichi. Kitupu. Tukageuka. Kufuli lilikuwa limefungwa kwenye kidole cha Babu, lina barafu kama limelala humo mwaka mzima. Ufunguo bado umo mfukoni mwa Odeta.

Sasa niseme kweli, maana mnanijua. Jambo moja nimelitia chumvi mwenyewe: yale maandishi ya wadukuzi. Kioo cha Rahim kilikuwa cheusi tangu asubuhi. Niliwaza tu kwamba mkiwa na mwizi wa kumlaumu, mtapata usingizi.