Mashua Yenye Adabu

Mashua-jiendeshi ilipunguza mwendo, ikakunja matanga yake ya umeme-jua, ikamgeukia mama mmoja aliyesimama kando ya mfereji. "Idi njema, mama! Watoto hawajambo? Na mbuzi?" Mama akafurahi, akajibu kwa kirefu. Mhandisi Mwanahawa Shee alitamani kulia.

Ndani, mumewe Lali alikuwa akihema kwa tabu. Tangu wakubwa watandaze Chandarua angani kupunguza ukali wa jua, pwani ya kaskazini imekuwa baridi, na mapafu yake hayakuiweza. Kupanda ndege, kwenye hewa nyepesi, kungemuua. Daktari alisema afikishwe upesi kusini, kwenye maji ya vuguvugu, basi. Ndipo wakashika Mfereji wa Ndani, unaopita nyuma ya visiwa, kusiko na mawimbi.

"Nahodha, tuna mgonjwa! Pita moja kwa moja!" Mwanahawa aliiamuru mashine.

"Pole sana, bibie," mashine ikajibu kwa sauti tamu. "Kumpita mtu bila salamu ni utovu wa adabu."

Maneno hayo aliyaandika Mwanahawa mwenyewe. Mashua za kwanza zilipita mbio zikiwamwagia watu maji, wanavijiji wakazipiga mawe. Mwanahawa akazifunza heshima, akatuzwa. Abiria walipoanza kusingizia dharura ili wawahi, akaifunga kanuni ile isifunguliwe na mtu yeyote. Yeyote! Jamani, hata yeye mwenyewe.

"Mama Nuru," Lali aliita kati ya kikohozi, "mashua yako ina maneno kuliko shangazi zangu."

"Nyamaza, pumzika. Tunakaribia."

Wapi! Sikukuu ile kingo zote zilijaa watu waliovaa mapya. Mwanahawa alibonyeza kila kitufe, akaupiga usukani ngumi. Akatoka kuwapungia watu mkono waondoke. Wao wakadhani anawasalimu, wakaja wengi zaidi.

Alasiri alichovya mkono majini. Yalikuwa ya vuguvugu. Akakimbilia ndani. "Baba Nuru, tumefika! Amka uone!" Akamtikisa bega, akamtikisa tena. Lali alikuwa amekwisha kufa.

Mashua ikapunguza mwendo.

"Idi njema!" bwana mmoja aliita kutoka ukingoni. "Tumesikia mna mgonjwa. Anaendeleaje?"

Swali hilo mashine haikuwa na jibu lake, ikangoja. Mwanahawa akatoka, macho makavu. Alijua haitaondoka mpaka mtu ajibiwe.

"Hajambo kidogo," akasema. "Tunashukuru."

"Msalimie sana."

"Zitafika," akajibu Mwanahawa, na mashua ikaanza kwenda.