Saruji Kwenye Ukuta wa Chokaa

"Ganzi, mzigo umeshaingia ndani."

Sauti ya Mkuu kwenye redio ya Motorola ilikuwa kavu kama kawaida yake.

"Ndani wapi?"

"Ukumbi mkubwa. Zaidi ya hapo hatujui. Saa nne kamili mawaziri wawili wanatia saini mkataba wa mpaka, na mlipuaji yumo humohumo, simu mkononi. Tukianza kutoa watu, atabonyeza."

Casio ya mkononi ilionyesha saa tatu na robo.

"Mama yangu yumo," Ganzi alisema.

"Najua. Pole."

Hakuhisi kitu. Miaka kumi na moja ya ujasusi ilikuwa imemkausha, ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo. Alijua tu kwamba mtu mwingine hapo angeogopa.

Jengo hilo lilikuwa kiwanda kilichofuma vitambaa miaka sitini, kikafungwa, kikaachiwa popo. Leo kilikuwa kinazinduliwa kuwa hoteli. Chumba cha boila kimegeuka baa, ghala la pamba limekatwa vyumba vya kulala, na ukumbi wa mitambo umekuwa wa mikutano na harusi. Wafumaji wa zamani walialikwa, wakapewa viti vya mbele. Mama yake alifuma pale miaka thelathini. Yeye alidhani binti yake anauza rangi za nyumba.

Ganzi aliingia kwa mlango wa mafundi. Ovaroli mwilini, bastola ya Glock kwapani. Nyuma ya pazia la jukwaa alimkuta fundi wa chokaa, mzee mwembamba, mikono kiunoni, anaufokea ukuta.

"Nani kapiga saruji ukuta wangu?"

"Shikamoo, mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Hebu tazama! Matofali haya ya zamani yanataka chokaa, yapate kupumua. Siku ya kwanza kila fundi aliambiwa, saruji isivuke geti. Plasta yangu ina wiki mbili na bado mbichi. Hii ya jana imeshakuwa jiwe! Huyu si fundi wetu, katudondokea tu."

Kiraka cha kijivu, ukubwa wa sinia.

Hatua kumi upande wa pili wa pazia, viti vya mbele.

"Mzee, niazime tindo na nyundo. Halafu nenda nje, usiseme na mtu."

"Niende wapi? Ukuta ni wangu."

Hakukuwa na muda wa kubishana. Bendi ilikuwa inajaribu tarumbeta, na kelele zake zilimeza nyundo. Saruji ilibanduka kipande kwa kipande. Nyuma yake, bonge la baruti laini, Nokia ndogo, na kiwashio kilichochomekwa katikati.

Saa nne kasoro dakika nne.

Alichomoa kiwashio pamoja na ile Nokia, akavizika kwenye ndoo ya mchanga.

"Rudi nyuma, mzee."

Safari hii alirudi, tena mbio.

"Mkuu, nimekitoa. Waache waendelee."

"Kwa nini?"

"Nataka kumwona anayebonyeza."

Saa nne. Mawaziri wakapanda jukwaani, ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Mmoja hakupiga. Mshauri wa mapambo, mgeni aliyeajiriwa kufunga taa, alikuwa kwenye mlango wa pembeni. Kidole gumba juu ya simu.

Pah! Nyuma ya pazia, mchanga uliruka kwenye ndoo. Ukumbini walidhani ni balbu.

Mshauri alitazama jukwaa, akabonyeza tena. Akabonyeza ya tatu. Ya nne hakuifikia, mtutu wa Ganzi ulikuwa umeshamgusa ubavu.

"Umekosea plasta," Ganzi alimwambia. "Twende."

Vijana wa Mkuu walimpokea nje, wakamfungia kwenye gari.

Ganzi alirudi ndani. Mama yake alikuwa ameketi, mkoba magotini, anachekelea.

"Wee! Kumbe umekuja! Mashine yangu ilikuwa hapahapa nilipokaa."

"Nilikuwa napita, mama. Hebu nishike mkono."

Mama akaushika kwa mikono yote miwili. Ganzi alisubiri machozi, au furaha, au chochote kile; hakikuja.

"Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, mama."

Kwa miaka kumi na moja, hilo ndilo neno la kwanza la kweli alilomwambia.

Akambusu kwenye paji la uso, akatoka taratibu hadi getini, akabonyeza redio.

"Niko huru, Mkuu. Nitume kwingine."