Kanda ya Upepo wa Magamba

Jumatatu moja ya Septemba 1995, saa mbili na robo asubuhi, Silvano, mpiga gitaa na mtunzi, alifungua chumba cha mazoezi nyuma ya soko la Lushoto akakuta kanda haipo. Ilikuwa moja tu, yenye nyimbo sita za bendi yao, Upepo wa Magamba, walizorekodi kwa siku tisa kule Mlalo. Kesho yake ilikuwa ipelekwe Dar es Salaam, kwenye redio mpya ya watu binafsi iliyoahidi kuzipiga.

Sajini Mwanahamisi alifika saa tatu. Kufuli lilikuwa zima. Redio kaseti, gitaa na ngoma havikuguswa.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Juu ya mlango, afande. Watu wote wa ua huu wanajua. Lakini mwizi ni Zuberi, yule muuza kanda. Wiki nzima ananisumbua nimpe atoe kopi."

Kwenye kibanda chake sokoni, Zuberi hakuficha. "Nilitaka kununua, afande. Siku hizi si biashara huria? Kuiba, hapana."

Sajini akarudi chumbani. "Kanda iliandikwa nini?"

"Niliificha," Silvano alisema. "Kwenye kasha la 'Nyimbo Mpya' niliweka ya mazoezi. Yenyewe nikaitia kwenye kasha la 'Mahubiri'. Jana saa kumi jioni ilikuwepo."

Kasha la "Nyimbo Mpya" lilikuwa bado mezani.

"Zuberi angebeba hili. Nani alijua?"

"Hamisi mpiga ngoma, na Esta mwimbaji. Basi."

Hamisi alikuwa Mlola tangu Ijumaa, mazikoni kwa babu yake. Alirudi asubuhi hiyo na gari la mboga, akaja moja kwa moja chumbani, na dereva akathibitisha.

Esta alikuja saa saba mchana, kikapu begani, macho mekundu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nitajie nyimbo zilizomo, nikiiona kanda niitambue."

Esta alitaja tano, akaishia hapo.

"'Mtoto wa Mtae', Esta!" Silvano aliruka. "Hiyo watu wanataka tuirudie mara tatu! Unaisahauje?"

Sajini alimgeukia yule binti. "Ipige kwa gitaa, Silvano. Nawe imba, mwanangu."

Esta aliimba vizuri mpaka pale mtoto anapomwita mama yake "dada". Sauti ikakatika.

"Iko wapi?" Sajini aliuliza polepole.

Esta aliitoa kikapuni. "Silvano, nilikwambia kisa cha wimbo ule ni cha rafiki yangu. Hakuna rafiki. Ni mimi. Mtoto ana miaka saba, analelewa na mama yangu, anadhani mimi ni dada yake. Umetaja kijiji, umetaja kovu la shavuni. Redio ikipiga, nani Mtae hatamjua?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na miaka minne mnaisubiri safari hii? Nilitaka kuitia motoni. Nikashindwa. Zile tano nazo ni zangu."

Silvano aliitazama kanda mkononi mwa Esta. Hakuwahi kutunga wimbo mzuri kuliko ule. Kisha akaichukua, akaitia kwenye redio kaseti, akaisogeza hadi ulipoanzia wimbo huo, wa mwisho kwenye kanda.

"Nilichukua siri ya mtu nikaifanya kiitikio," alisema. "Nyamazeni wote. Narekodi kimya juu ya wimbo huu ufutike, na mashine itanasa kila sauti."

Akabonyeza kitufe cha kurekodi. Hamisi aliinamia ngoma zake. Esta alilia huku kanga imemziba mdomo. Sajini Mwanahamisi alisimama mlangoni, mkono umeinuliwa kuwazuia wapita njia, dakika nne nzima, hadi kanda ilipofika mwisho na kitufe kikaruka.