Kikombe Kilichopita Dirishani

Mume wangu kanifungia ndani!

Mimi, mwanamke mwenye mbio kuliko wote nchini, nimeshindwa na kitasa cha chumbani... Chekeni tu, jamani. Hata mimi nilicheka, mpaka niliposikia geti linagongwa.

"Hodi! Wapimaji!"

Nikakimbilia dirishani.

Ngoja niwaeleze. Sisi wa Olimpiki lazima tuseme saa tutakayokuwa nyumbani kila siku, ili waje kutupima mkojo kama tunatumia dawa za kuongeza nguvu. Ukikosekana mara tatu, unafungiwa kukimbia. Na mimi nilishakosekana mara mbili! Ya kwanza, Kocha alinibeba ghafla kwenda kwa mama yake. Ya pili, kengele ya geti ilikufa.

Kocha ndiye mume wangu. Hadi kitandani namwita Kocha.

Asubuhi hiyo aliniletea glasi yangu ya maziwa kama kawaida, akanibusu, akatoka... kacha! Funguo. Na simu yangu kaenda nayo.

Wivu huo, nikasema. Tangu nianze kuvunja rekodi, magazeti yananiandika mimi, yeye hatajwi!

"Mama! Zunguka nyuma! Dirishani!"

Mpimaji, mama wa makamo, akachungulia kwenye nondo, mkoba begani.

"Heh! Mwanangu, nimepima watu chooni, nimepima porini... mahabusu bado!"

"Nipe kikombe, mama!"

"Lazima nikuone kwa macho yangu."

"Niangalie mpaka uchoke!"

Pazia pembeni. Nikachuchumaa. Kikombe kikapita kati ya nondo, kimejaa, kifuniko kimekaza. Nilishangilia kama nimekata utepe!

Kocha akarudi, akanikuta nacheza.

"Wamekuja?"

"Wamekuja, na nimewapa! Umeshindwa!"

Nikangojea kofi. Halikuja. Akateleza na ukuta mpaka chini.

"Mke wangu... umetumaliza."

"Nimefanya nini?"

"Ungekosekana, tungesema kitasa kilikwama. Sasa utasema nini?"

Macho yake yalikuwa kwenye glasi.

Tupu. Nilikuwa nimelamba mpaka povu.

Safari ya ghafla... kengele iliyokufa... Kumbe hakuwa ananibania mimi. Alikuwa anawakwepa wao!

Majibu yametoka wiki hii: mkojo wangu una dawa. Miaka minne, hakuna kukimbia. Mlango wa chumbani siku hizi uko wazi mchana kutwa, ila sina pa kwenda.

Dada zangu, mtu akikuletea glasi kila asubuhi kwa mapenzi, mwambie anywe kwanza yeye. Akisema hana kiu... kimbia!

Mimi, na mbio zangu zote hizi, nilichelewa kutoka.